Kabla ya kununua msumeno mkuukuu wa mnyororo, kagua mambo haya

WAKULIMA wa maeneo kame ya Makueni na Kitui waliopanda miti ya mukau wanajua kwamba mti huo haumfilisi mwenye subira. Hustahimili ukame, mbao zake hazishambuliwi ovyo na mchwa, na huweza kuvunwa kwa ajili ya mbao ukiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 15. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, imeanzisha bustani za mbegu bora za mukau katika maeneo ya Kitui na Kibwezi, na miche yake imeenea katika mashamba mengi ya Ukambani.

Lakini mti ukishakomaa, swali hubadilika. Nani ataukata, na kwa chombo gani? Shoka hupoteza mbao nyingi, na msumeno wa mkono unaovutwa na watu wawili huchukua siku nzima kwa gogo moja. Ndiyo maana katika miji iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kuanzia Emali hadi Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, kijana mwenye msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, ule ambao wengi huuita pawasoo, hakosi kutafutwa.

Msumeno mpya wa kiwanda kinachoaminika ni ghali mno kwa kijana anayeanza kazi. Hivyo wengi hukimbilia mashine kuukuu iliyotumiwa na watu wawili au watatu kabla yao. Uamuzi huo si wa kipumbavu. Baadhi ya misumeno iliyoundwa miaka 30 au 40 iliyopita ingali inafanya kazi kuliko mingine iliyotoka dukani juzi. Hatari ni kwamba mashine hizi zinaweza kupakwa rangi na kubandikwa nembo mpya ilhali ndani zimekwisha. Anayenunua bila kukagua huenda akatumia akiba ya chama kizima, au mkopo uliodhaminiwa kwa ng'ombe wa familia, kwa chuma kisichowaka mara ya pili. Lililo baya zaidi, huenda akanunua mashine itakayomkata mguu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua mashine, kuikagua na kuinunua bila kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Mashine hizi zilitoka wapi

Baadhi ya misumeno ya mwanzo ya aina hii iliundwa Ujerumani katika miaka ya 1920. Mhandisi Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mjini Stuttgart mwaka 1926, akatengeneza msumeno wa umeme, kisha wa petroli mwaka 1929. Mwenzake, Emil Lerp, alikuwa ameujaribu wake wa petroli mwaka 1927 katika mlima Dolmar, na jina la mlima huo likawa jina la kampuni. Mashine za wakati huo zilikuwa nzito mno, zikibebwa na watu wawili.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchini Marekani, mkataji miti Joseph Cox alitazama jinsi funza wa mbawakawa anavyotafuna mti kwa kuelekeza meno yake kushoto na kulia, akabuni mnyororo wenye meno ya mfano huo. Mnyororo huo uliingia sokoni mwaka 1947, na mingi inayotumika leo imejengwa juu ya wazo lake. Mwaka 1959 Stihl ilitoa mashine iitwayo Contra, iliyobebwa na mtu mmoja na ambayo mnyororo wake ulizungushwa na injini moja kwa moja bila giaboksi. Mwaka huohuo kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilitoa msumeno wake wa kwanza.

Contra ndiyo mama wa mashine inayosifika zaidi miongoni mwa wapasua mbao wa nchi za joto, Stihl 070. Mashine hiyo ilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na iliendelea kutengenezwa nchini Brazil kwa ajili ya masoko ya nchi kama zetu muda mrefu baada ya kuondolewa katika masoko ya Ulaya. Kuanzia karibu mwaka 2000, kampuni hiyo iliongeza herufi MS mbele ya namba za mashine zake. Kwa hivyo 070 na MS 070 ni za ukoo mmoja, na MS 381 ni mtoto wa ile ya zamani iliyoitwa 038. Kwa upande wa Husqvarna, mashine za 61, 268 na 272 ni ndugu wa tumbo moja, na vipuri vyao vingi huingiliana.

Kujua ukoo wa mashine ni faida kwa mnunuzi. Mashine kuukuu huwa na thamani pale tu vipuri vyake vinapopatikana. Ukipewa msumeno mzuri wa kampuni iliyofungwa zamani, ukaambiwa kwamba ni imara kuliko yote, uliza kwanza wapi utapata pistoni, ringi na mpira wa kabureta. Muuzaji akikosa jibu, huo ni mnara wa kumbukumbu, si chombo cha kazi.

Tambua kama ni halisi

Mashine ya 070 ndiyo inayoigwa sana, kwa hivyo tuitumie kama mfano. Injini yake ni ya mipigo miwili yenye ukubwa wa takriban sentimita 106 za ujazo. Kipenyo cha silinda ni milimita 58, na pistoni husafiri milimita 40. Nguvu yake ni takriban farasi 6.5, na uzito wake unazidi kilo 10 hata kabla ya kufungwa bamba na mnyororo. Anayekuletea mashine nyepesi yenye kibandiko cha 070 anakudanganya.

Kuna mashine nyingi zinazoundwa Uchina kwa kuiga umbo hilo. Baadhi huuzwa waziwazi kwa majina yake yenyewe, na hilo si kosa. Kosa ni pale mashine hizo zinapobandikwa nembo ya kampuni nyingine ili ziuzwe kwa bei ya asili. Ili kuepuka mtego huo, fanya mambo matatu.

Kwanza, tafuta namba ya mashine iliyopigwa kwenye mwili wenyewe. Kibandiko cha karatasi si ushahidi, kwa kuwa hubanduliwa na kubandikwa. Namba iliyosuguliwa kwa tupa au kufunikwa kwa rangi nzito ina maana mbili tu: ama mashine ni bandia, ama imeibwa. Katika hali zote mbili, usiendelee na mazungumzo.

Pili, angalia namba za vipuri. Viwanda vikubwa huandika namba kwenye vipande vya chuma na plastiki. Vipuri asilia vilivyobuniwa kwa ajili ya 070 na dada yake mkubwa 090 huwa na namba zinazoanza kwa 1106. Vipuri vya kuiga huenda visiwe na namba yoyote.

Tatu, tazama ubora wa kazi. Chuma cha mashine halisi kimemiminwa vizuri, kingo zake si kali, skrubu zake zinalingana, na maandishi hayajapinda. Vifuniko vinakaa bila kuacha pengo. Rangi mpya inayong'aa kwenye mashine iliyodaiwa kufanya kazi miaka 20 ni jambo la kushukiwa, kwani rangi huficha nyufa.

Ikague ingali baridi

Ukifika kwa muuzaji, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ina joto, basi mashine iliwashwa kabla hujafika, na huenda ni kwa sababu hukataa kuwaka ikiwa baridi. Omba iachwe ipoe, nawe utumie muda huo kuikagua.

Anza na mgandamizo wa silinda, kile ambacho mafundi huita kompresheni. Hakikisha swichi imezimwa na mnyororo umeondolewa. Shika mpini wa kamba ya kuwashia, kisha uinue mashine polepole kwa kamba hiyo. Silinda iliyo nzima huishikilia mashine, nayo hushuka kwa hatua, ikisita kila pistoni inapopanda. Mashine ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi au silinda imekwisha. Kumbuka kwamba baadhi ya mashine kubwa zina kitufe cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Hakikisha kimefungwa kabla ya jaribio hili.

Fundi mwenye geji atakupa jibu bora zaidi. Injini nyingi za aina hii zilizo na afya husoma kati ya paundi 120 na 150 kwa inchi ya mraba, na baadhi hupita hapo. Ikisoma chini ya 90, hesabu kwamba utalipia pistoni na ringi, na pengine silinda pia. Lakini tahadhari na ujanja mmoja. Muuzaji akimimina oili ndani ya silinda, mgandamizo hupanda kwa muda mfupi. Fungua plagi uitazame. Plagi ya injini inayochoma vizuri ina rangi ya hudhurungi. Nyeusi yenye utelezi huashiria oili nyingi au kabureta isiyorekebishwa, na nyeupe huashiria injini iliyokuwa ikipata petroli kidogo na hewa nyingi, hali inayounguza pistoni.

Jaribio la tatu ndilo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ilhali huchukua dakika kumi tu. Fungua eksozi. Nyuma yake kuna tundu la kutolea moshi, na kupitia hapo utaiona pistoni ukiivuta kamba taratibu. Mulika kwa tochi ya simu. Pistoni nzima ina uso laini wenye mistari hafifu sana. Ukiona mikwaruzo mirefu ya kwenda juu na chini, kana kwamba imepigwa msasa, jua injini hiyo iliwahi kuendeshwa bila oili ya kutosha au ikapata joto kupita kiasi. Muuzaji anayekataa eksozi ifunguliwe amekwisha kukujibu.

Kisha ondoa kifuniko cha upande wa kamba ya kuwashia. Shika gurudumu la sumaku, yaani magineto, ulisukume juu na chini, nje na ndani. Likicheza juu na chini, beringi za krenki zimelegea, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa kwa kuwa injini nzima hufunguliwa. Kwenye mashine za zamani sana, umeme wa plagi hukatwa na vidude ambavyo mafundi huita kontakti. Vidude hivyo huchakaa na huhitaji kusafishwa, ilhali mashine za baadaye zina mfumo wa kielektroniki usiohitaji kazi hiyo.

Hatimaye kagua mwili wote. Misumeno hii huundwa kwa magnesiamu, chuma chepesi ambacho hupasuka kinapoangukiwa na gogo. Chunguza mahali bamba linapofungwa, miguu ya mipini na pembe za tangi. Nyufa zilizochomelewa kijuakali ni hatari, na hasa zikiwa karibu na boliti za bamba.

Sasa iwashe

Mashine ikiwa imepoa na mnyororo umerudishwa, iweke chini, ikanyage mpini wa nyuma, na uivute kamba. Usikubali kuiwasha ikiwa inaning'inia mkononi. Mashine kuukuu iliyotunzwa huwaka baada ya mivuto michache ikiwa na choki, kisha hutulia.

Iache ingurume polepole bila kuiongezea mafuta. Katika hali hiyo mnyororo haupaswi kuzunguka. Ukizunguka, klachi imechoka, springi zake zimelegea, ama kabureta imefunguliwa kupita kiasi ili kuficha injini inayotaka kuzima. Sasa iongeze mafuta kwa ghafla kisha uachilie. Injini nzima hupanda mara moja na kushuka mara moja. Ikikawia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, mara nyingi kuna hewa inayopenya kupitia sili za krenki au gasketi zilizokufa. Kasoro hiyo ndiyo huua pistoni mpya wiki chache baada ya kufungwa, nayo humfanya mwenye mashine aamini kwamba amerogwa. Iinamishe mashine upande huu na ule ikiwa inaguruma. Sauti isibadilike sana.

Ili kujaribu pampu ya oili ya mnyororo, elekeza pua ya bamba kwenye kisiki cheupe au kipande cha katoni, umbali wa shubiri moja, uongeze mafuta kidogo. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa oili unapaswa kuonekana. Usipoonekana, mnyororo unazunguka mkavu, na bamba litaungua.

Kisha kata gogo la kweli, gumu, kwa muda wa kutosha injini ipate joto. Izime, subiri dakika tano, uiwashe tena. Hili ndilo jaribio la kuwatenganisha ngano na makapi. Koili inayokufa na silinda iliyolegea huficha ugonjwa wakati wa baridi na kuudhihirisha wakati wa joto. Mashine isiyowaka ikiwa moto itakuacha msituni na nusu ya gogo.

Uliza pia imekuwa ikinyweshwa nini. Injini ya mipigo miwili haina oili yake ya ndani, hivyo oili huchanganywa na petroli. Kwa oili ya kawaida, mashine za zamani nyingi ziliagizwa sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Oili bora za siku hizi huruhusu sehemu moja kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita, pale mtengenezaji anapokubali. Anayekuambia kwamba yeye hukadiria kwa macho ameiharibu mashine, hata kama bado inawaka. Petroli iliyoghoshiwa kwa mafuta ya taa nayo ni sumu kwa injini hizi. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo waghoshaji. Nunua petroli katika kituo, si katika chupa za kando ya barabara.

Bamba na mnyororo

Wauzaji wengi hukwepa kuzungumzia vitu hivi viwili, lakini ndivyo vinavyokata. Lifungue bamba, ulitazame kwa jicho moja kama fundi seremala anavyotazama ubao. Lililopinda halinyooki tena vizuri. Kingo zake mbili ziwe na kimo sawa. Upande mmoja ukiwa umelika zaidi, msumeno utakata kwa mshazari, na mbao zitatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwa mpasua mbao, hiyo ni hasara ya kila siku.

Mnyororo hupimwa kwa umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana, ugawanywe kwa mbili. Ukipata takriban milimita 20.5 kwa ribiti tatu, huo ni mnyororo wa 0.404, unaotumika sana kwenye 070, nao hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.5. Ukipata takriban milimita 18.6, huo ni wa tatu kwa nane, unaonolewa kwa tupa ya milimita 5.2. Mnyororo, bamba na gia ndogo inayouzungusha, ambayo mafundi huiita sproketi, lazima viwe vya kipimo kimoja. Kuchanganya vipimo hula chuma na huweza kurusha mnyororo.

Angalia pia urefu wa meno. Jino lililobaki chini ya milimita nne limefika mwisho wa safari yake. Nayo sproketi ikiwa na mashimo yaliyochimbwa na mnyororo kwa kina cha nusu milimita au zaidi, ibadilishwe pamoja na mnyororo. Mnyororo mpya juu ya sproketi iliyolika huharibika mapema.

Kile ambacho mashine ya zamani haina

Mnunuzi wa msumeno mkuukuu anapaswa kufahamu kwamba ananunua pia hatari za zama zake. Pua ya bamba ikigusa tawi au gogo la pili, mashine huruka juu na nyuma kumwelekea aliyeishika, kwa muda mfupi kuliko anavyoweza kufikiri. Kwenye 070 yenye sproketi ya meno saba, mnyororo husafiri zaidi ya mita 15 kila sekunde injini inapofikia kasi ya juu. Breki ya kusimamisha mnyororo katika hali hiyo ilianza kuwekwa katika miaka ya 1970. Mashine nyingi za zamani, na 070 nyingi miongoni mwazo, hazina.

Vilevile zipo ambazo hazina mipira ya kupunguza mtikisiko. Mtikisiko huo ukimpata mtu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya vidole, navyo hufa ganzi na kuwa vyeupe wakati wa baridi. Mipini ya 070 yenye alama ya AV ina kinga hiyo, nayo inastahili bei kubwa kidogo. Kelele za mashine hizi hupita desibeli 100, kiwango kinachoharibu masikio yasiyozibwa.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya mnunuzi iwe hii: kati ya mashine mbili zilizo sawa, chukua yenye breki ya mnyororo, kifuli cha kifyatulio, kinga ya mkono na ndoana ya kudaka mnyororo uliokatika. Kisha tenga fedha za kofia ngumu, kinga ya macho, vizibo vya masikio, glavu na viatu vigumu. Mtu anayeangusha mti akiwa amevaa malapa hajaokoa pesa. Tena asifanye kazi peke yake shambani, kwa kuwa jeraha la mnyororo huvuja damu haraka, na kutoka mashamba ya ndani hadi hospitali ya Makindu au Kibwezi ni mwendo.

Piga hesabu kabla ya kupatana

Bei ya msumeno mkuukuu si ile anayoitaja muuzaji. Ni hiyo pamoja na gharama ya kuufanya ukate. Tuseme, kwa mfano tu, unatakiwa kulipa Sh25,000, na ukaguzi umeonyesha unahitaji pistoni na silinda kwa Sh8,000, bamba kwa Sh4,000, mnyororo kwa Sh2,500 na kazi ya fundi kwa Sh3,000. Bei halisi ni Sh42,500. Takwimu hizo si bei za soko. Kabla ya kwenda kwa muuzaji, piga simu kwa maduka mawili ya vipuri, ikiwezekana moja la Nairobi na jingine la karibu nawe, uandike bei za siku hiyo kwenye karatasi.

Ukiwa na karatasi hiyo, mapatano hayawi tena ubishi wa maneno. Unamwonyesha muuzaji kasoro na bei yake, naye anapunguza au anakataa. Na jumla ikikaribia bei ya mashine mpya yenye dhamana, nunua mpya. Cha rahisi huwa ghali kwa asiyehesabu.

Stakabadhi na sheria

Misumeno huibwa kwa urahisi kwa kuwa hubebeka. Mtu asiye mwenye mali hawezi kukupa umiliki asio nao, hata kama ulilipa kwa nia njema, na mwenyewe akijitokeza utaipoteza mashine pamoja na pesa. Aidha, Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepatikana na hatia ya kupokea mali akijua imeibwa. Andikianeni mkataba wenye namba ya mashine, majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe, bei na sahihi za mashahidi wawili. Ukilipa kwa M-Pesa, kumbukumbu hubaki kwenye simu. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na lolote kati ya hayo.

Kumiliki msumeno si ruhusa ya kukata mti wowote. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuingiza msumeno wa mnyororo katika msitu wa umma bila leseni au kibali. Mkazi wa Makindu anayapakana maeneo yaliyohifadhiwa, yakiwemo milima ya Chyulu na msitu wa Kibwezi, na asikubali kukodiwa kwenda huko usiku kwa ahadi ya malipo mazuri. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mwaka huohuo Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ikapiga marufuku biashara ya makaa. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya kitaifa Julai 2023, na tangazo hilo likapingwa mahakamani. Kanuni hubadilika, kwa hivyo hata kwa miti ya shambani, pita kwanza katika ofisi ya Huduma ya Misitu na ya kaunti uulize vibali vya kukata na vya kusafirisha mbao. Lori lililokamatwa barabarani humgharimu mwenye mbao na mwenye msumeno pia.

Kwa ufupi, mnunuzi aondoke bila kuaga mara mbili iwapo namba ya mashine imefutwa, muuzaji amekataa eksozi ifunguliwe, mwili umepasuka mahali bamba linapofungwa, au injini imekataa kuwaka ikiwa moto. Kasoro nyingine zote, kuanzia mnyororo butu hadi kabureta chafu, zina bei, na chenye bei hupatanwa. Aende na fundi anayemwamini, amlipe kwa siku hiyo, na asikubali kuharakishwa na kauli kwamba kuna mteja mwingine njiani. Mti uliosubiriwa kwa miaka 15 utaweza kusubiri wiki moja zaidi hadi chombo kizuri kipatikane.